Aliye Ndani Haitwi

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, sista wa zamu alitoka kwenye baraza ya wodi ya wanawake akaita, "Ndugu wa kitanda cha nne!" Muda huo ninao kwa sababu niliuandika. Nilikuwa mlinzi wa geti la kituo kile cha afya kwa miaka kumi na mmoja, na kazi yangu ilikuwa daftari: nani ameingia, nani ametoka, saa ngapi. Ndugu wa kitanda cha nne alikuwa ng'ambo ya barabara, hatua thelathini na nane kutoka aliposimama sista, ameinama juu ya ubao wa drafti. Mbele yake alikaa Bwana Afya.

Ya asubuhi ile nitayafikia. Kwanza nataka msomaji amjue Bwana Afya kama nilivyomjua mimi, kwa sababu watu wengi wa njia ile ya kwenda hospitali ya Nyakahanga wanamkumbuka kwa asubuhi moja tu, na hata hiyo hawaijui vizuri.

Alikuwa amestaafu uofisa afya kabla mimi sijaajiriwa. Alikagua vyoo, visima, mabucha na migahawa kwa miaka mingi hadi kazi ikawa jina lake, na kustaafu hakukumvua jina hilo. Akipita mbele ya mgahawa, mama lishe walianza kufunika masufuria. Aliyekuwa akipangusa vikombe kwa kanga aliitupa kanga chini ya meza. "Jamani, mimi siku hizi ni raia tu," alikuwa akisema, huku jicho limeshamwona nzi aliyetua juu ya maandazi.

Mkabala na geti letu palikuwa na ghala la kahawa lililofungwa siku nyingi. Kwenye kibaraza chake aliweka mabenchi mawili yanayotazamana, katikati kreti ya soda iliyopinduliwa, na juu ya kreti ubao wa miraba sitini na nne aliouchora mwenyewe kwa rangi ya milango. Kete zilikuwa vizibo, kumi na viwili vya bia na kumi na viwili vya soda. Kila Jumatatu aliviosha kwa maji ya moto na sabuni, akavianika juani kwenye sinia. Pembeni alining'iniza dumu la lita tano lenye tundu na kamba ya kukanyaga kwa mguu, na kipande cha sabuni ndani ya wavu wa vitunguu. Hakuna aliyegusa kete bila kunawa.

"Nimenawa wodini, mzee."

"Wodini umenawa kwa ajili ya mgonjwa. Hapa nawa kwa ajili yangu."

Waliocheza naye walikuwa watu waliokuja kuuguza. Walitoka Rugu, walitoka vilima vya upande wa Kyerwa, wengine walishuka kwenye bodaboda wamebeba mgonjwa katikati yao na dereva. Walilala barazani, wakapika uji nyuma ya jiko la kituo, na muda uliobaki walingoja. Kungoja ni kazi isiyo na mpini wa kushika. Bwana Afya alikaa kwenye benchi lake akiangalia nani ametazama sehemu moja ya ardhi kwa muda mrefu mno. Halafu alimwita.

"Wewe mwenye koti. Njoo nikufunge."

"Sijui drafti, mzee."

"Ndiyo maana nimekuita wewe. Wanaojua wananisumbua."

Mtu alivuka barabara, akanawa, akaketi. Na hapo ndipo lilipotokea jambo nililolitazama kwa miaka kumi na mmoja bila kulichoka.

Mtu aliyeketi alikuwa bado yupo nasi. Alijibu salamu, aligeuka mlango wa wodi ulipofungwa, alifukuza nzi. Baada ya mchezo mmoja au miwili aliacha kufukuza nzi. Goti lililokuwa likitikisika lilitulia. Mdomo ulifunguka kidogo. Bwana Afya alinipa ishara kwa kidevu: "Huyo ameingia." Neno lake lilikuwa hilo, kuingia, na aliyeingia alikuwa *ndani*. Hakuwa na neno jingine na sikupata kusikia lililo bora zaidi.

Mimi si mtu wa shule nyingi, ila napenda kupima ninachokiona. Kwa muda fulani nilikuwa nikiandika saa ambayo mtu anaketi, na anaponyanyuka namuuliza amecheza kwa muda gani. Mama mmoja muuza ndizi, aliyekuwa akimuuguza dada yake, aliniambia, "Robo saa, labda." Alikuwa amekaa saa moja na dakika hamsini, na mbuzi wa jirani alikuwa amekula mkungu wake mzima wa ndizi mbivu hatua tano kutoka alipoketi. Alipouona alicheka, na dada yake alikuwa mahututi. Kijana wa bodaboda mwenye jino bovu alicheza na shavu lililovimba bila kuligusa hata mara moja, na kete yake ya mwisho ilipoliwa alishika shavu akalia, "Yesu wangu, kumbe lipo!" Nilijaza kurasa sita kwa namna hii. Hakuna hata mmoja aliyekisia muda mrefu kuliko ule aliokaa. Wote walikisia mfupi.

Ubaoni palikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: mgonjwa hatajwi. Ukisema "mama yangu alilala vibaya" ukiwa umekaa pale, Bwana Afya alizikusanya kete bila ugomvi na mchezo ukaisha. Ya pili: aliye ndani haitwi. Watazamaji hawakuruhusiwa kupiga kelele, kumgusa bega, wala kumwambia chakula kimeiva. Alisema mtu akitolewa kwa ghafla huumia, kama anayebeba mtungi akiitwa kwa nyuma.

Na sista akiita? Hapo yeye mwenyewe alimtoa. Aliweka kiganja katikati ya ubao, taratibu, akakiacha pale hadi mchezaji anyanyue kichwa. Kisha kwa sauti ya chini: "Unaitwa. Nenda, kete zako nitazikumbuka." Na alizikumbuka, hata mtu akirudi kesho yake. Katika miaka yote ile sikuona akikosa kuisikia sauti ya wodini. Angeweza kuwa anapanga kula kete tatu kwa mpigo na bado akasikia namba ya kitanda. Ndiyo maana sisi wengine tuliyapumzisha masikio yetu.

Nje ya ubao alikuwa mpole hadi anaudhi. Kwenye ubao alikuwa na ulimi wa mfanya mnada. Namkumbuka akimchezesha dereva mmoja wa bodaboda aliyejiona bingwa.

"Kushoto kwako kuko wazi kama choo kisicho na mlango."

"Punguza maneno, mzee, cheza."

"Nakupa notisi ya siku saba, uchimbe kingine."

"Unanitisha tu. Huna kitu."

"Sina kitu? Haya hesabu. Moja. Mbili. Tatu. Umebaki na nini? Umebaki na baiskeli."

"Mimi nina pikipiki, babu."

"Ulikuwa nayo. Toka, mwenye nyumba amerudi."

Watu walicheka hadi mgonjwa mwenye mguu wa plasta alitoka wodini kuja kuuliza kuna nini.

Hakumwachia mtu ushindi. Mfanyabiashara mmoja wa kutoka Muleba, aliyekuwa na baba yake wodini, alifungwa mara tisa mfululizo siku ambayo baba huyo alikatwa mguu. Alipoondoka nilimuuliza Bwana Afya kama asingeweza kumwachia hata mmoja. Alifikiri, akasema, "Nikimwachia, nitakuwa nimemwona baba yake. Nikimfunga, nimemwona yeye."

Alihubiri maji ya kuchemsha kwa kila aliyemsalimia. Lakini jioni ungemkuta nyuma ya mashine ya kusaga, amekaa na wazee watatu, wote wanne wakinyonya rubisi, ile pombe ya ndizi, kwa mrija mmoja. Nilipomtazama aliupangusa mrija kwa kidole na kusema, "Hapa siko kazini."

Aliishi vyumba viwili nyuma ya soko. Mke wake alikuwa ameshakufa na binti yake mmoja aliolewa Songambele, huko Kyerwa. Nilifika kwake mara tatu au nne. Palikuwa na viti viwili, kimoja kina nguo zilizokunjwa. Alipika ndizi na maharage katika sufuria moja, akala siku mbili. Binti alipiga simu Jumapili, na aliipokea akiwa amesimama, kama mtu anayezungumza na mkubwa wake wa kazi.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake mbaya. Watu wa kutazama wagonjwa walijaa, na wauguzaji walikuwa na ndugu zao wa kuongea nao, kwa hiyo hakuna aliyehitaji mchezo. Yeye alitoka kanisani akaja moja kwa moja kibarazani, akapanga kete pande zote mbili, akakaa akitazama benchi tupu. Hakucheza pande zote peke yake kama wafanyavyo wengine. Nilimwambia ajaribu. "Kucheza peke yako ni kujisalimia," akasema. Saa kumi na mbili jioni alizirudisha kete kwenye mfuko wa nguo, akaenda.

Kuna siku ya mvua tulibaki wawili kibarazani, barabara imegeuka mto mwekundu, nikamuuliza swali nililokuwa nalo muda mrefu.

"Bwana Afya, na wewe huingia saa ngapi?"

"Mimi ni bawabu, mwanangu. Kama wewe. Umeona wapi bawabu akicheza ngoma ya harusi?"

"Hata zamani?"

Alilivuta benchi ndani zaidi, mvua isilifikie. "Zamani niliingia sana. Mke wangu alikuwa anakuja kunitoa, ananivuta shati mgongoni. Nilikuwa na shati moja lililochanika hapa nyuma kwa sababu yake. Alipokufa nikaona hakuna wa kunitoa. Basi nikaacha kuingia."

Hilo ndilo refu kuliko yote aliyopata kuniambia kuhusu nafsi yake.

Sasa asubuhi ile.

Ndugu wa kitanda cha nne alikuwa mkulima wa Rugu, mtu wa miaka hamsini hivi. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, na yeye alikulia hapa; Kiswahili alikijua na Kinyambo pia. Mama yake hakujua kingine zaidi ya Kirundi. Alimleta kwa ugonjwa wa kifua, na kwa siku tano alilala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, kwa sababu bila yeye hapakuwa na mazungumzo. Bibi anaumwa wapi, ameze lini, ageuke upande gani, yote yalipita mdomoni mwa mwanawe. Manesi wetu waliozaliwa huku waliweza kubahatisha neno moja moja. Sista aliyekuwa zamu siku ya sita alitoka Iringa na alikuwa na miezi miwili kituoni. Alijua kumwambia *mwaramutse*, salamu ya asubuhi, basi.

Siku hiyo ya sita mkulima alitoka wodini saa mbili na nusu, uso umemsawijika, akasimama kando ya geti langu akitazama chini.

"Mwenye shati la bluu," Bwana Afya aliita. "Njoo nikufunge."

Akaenda. Akanawa. Kufikia saa tatu na nusu alikuwa ndani, na hakuwa mchezaji wa kawaida. Hakujibu dhihaka hata moja. Alikula kete kama mtu anayechuma maharage, bila haraka, bila kuacha. Ilipofika saa nne alikuwa amebakiwa na kete sita, na Bwana Afya nne. Hilo hakuna aliyewahi kuliona. Niliacha geti wazi nikavuka, nikasimama nyuma yao.

Saa nne na dakika kumi na mbili sista aliita. Nilisikia. Nilikitazama kiganja cha Bwana Afya, nikingoja kiende katikati ya ubao. Hakikwenda. Alisogeza kete. Nikajiambia pengine nimesikia vibaya namba ya kitanda, maana yeye hakosei.

Saa nne na dakika ishirini na saba aliita tena, kwa sauti ya juu. "Kitanda cha nne! Ndugu wa bibi!" Alikuwa peke yake hadi mwenzake afike, na hakuweza kuiacha wodi. Kiganja hakikwenda. Mimi nilifungua mdomo, nikaufunga. Sheria ilikuwa yake, na mkulima alikuwa amebakiza hatua nne au tano ashinde.

Saa nne na dakika arobaini na moja gari la wagonjwa lilipiga honi ndani ya ua. Nilikimbia kuinua mti wa geti.

"Nyakahanga," dereva alisema. "Bibi wa kitanda cha nne, amebadilika ghafla. Ndugu yake mmemficha wapi?"

Kioo cha nyuma kilikuwa wazi. Nilimwona sista ameinua chupa ya dripu kwa mkono mmoja, na mkono mwingine umeshikwa na vidole vyembamba vya bibi. Bibi alikuwa anaongea. Nilinyoosha kidole kuelekea ng'ambo ya barabara, lakini dereva alikuwa amekwisha kukata kona. Hangeweza kungoja.

Nikavuka. "Bwana Afya, gari limeondoka na bibi."

Ndipo kiganja kilipowekwa ubaoni. Mkulima aliinua kichwa, akanitazama mimi, akatazama geti, akaruka juu ya benchi akakimbilia bodaboda. Alilifikia gari likiwa limekwisha kusimama Nyakahanga. Mama yake alifia njiani.

Hakuna aliyesema kuwa angeokoka kama mwanawe angekuwepo. Waliomwona walisema wazi kwamba isingebadilisha kitu. Lakini sista aliniambia jambo jingine siku iliyofuata, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha geti. Alisema bibi aliongea hadi alipokata roho, amemshika kifundo cha mkono, na ilikuwa kama swali, lile lile, tena na tena. "Mimi nikawa namjibu tu, ndiyo bibi, ndiyo bibi. Sijui nilikubali nini."

Jumamosi ya baada ya mazishi walikuja wazee watatu kutoka Rugu, baba wadogo wa yule mkulima. Walikaa kwenye benchi la wachezaji. Hawakunawa na Bwana Afya hakuwaambia wanawe.

"Shikamoo hatukupi, mzee mwenzetu," mkubwa wao alisema. "Tumekuja na swali. Mtoto wetu alikuwa hapa akicheza wakati mama yake anaitiwa mtu. Alisikia au hakusikia?"

Swali lilikuwa zito na walilieleza bila kuficha. Kama alisikia akabaki amekaa, wasingemkabidhi nafasi ya baba yake wala shamba la migomba linaloifuata. Angeishi pale kama mpangaji. Kama hakusikia, alikuwa mtu aliyepatwa na msiba, na kosa lingetafutwa kwingine.

"Hakusikia," alisema Bwana Afya. "Alikuwa ndani. Ninayemtoa mtu hapa ni mimi, na mimi nilisikia, sikumtoa. Mtu akiwa ndani hasikii, muulize yeyote aliyewahi kukaa hapo mlipokaa."

"Wewe mlinzi? Ulisikia?"

"Nilikuwa getini," nilijibu.

Nilikuwa getini, ndiyo. Saa nne na dakika arobaini na moja.

Walinong'ona Kirundi chao, kisha wakatoa hukumu: Bwana Afya alete faini siku ya kuanua matanga. Mbuzi mmoja, madebe mawili ya rubisi, na blanketi jipya. Huyu alikuwa mtu wa kubishania bei ya vitunguu hadi muuzaji achoke. Alisema tu, "Nitaleta."

Baada ya hapo benchi la pili lilikaa tupu. Wauguzaji waliambiwa na wenzao wasivuke barabara. Wakahamia karibu na mashine ya kusaga, wakangoja kwa kutazama chini. Wapo waliosema kete zile zinalowekwa dawa kila Jumatatu, ndiyo maana mtu akizishika hasikii. Walikuwa wamemwona kwa macho yao akiziosha. Bwana Afya aliendelea kuja. Alinawa, akapanga kete, akakaa hadi jioni, siku zote saba zikawa Jumapili. Mimi sikuvuka. Nilimpungia mkono kutoka getini kama mtu mwenye kazi nyingi.

Wiki ya nne yule mkulima alirudi. Nilimwona akishuka kwenye pikipiki na shati lile lile la bluu. Alinawa, akaketi, akasema maneno ambayo sikuyasikia, kichwa chini, kwa muda mrefu. Bwana Afya alizikusanya kete zote, akaweka kiganja katikati ya ubao mtupu. Kisha wote wawili wakaanza kuziweka kete, moja hapa, moja pale, bila kuulizana, na nilipoangalia vizuri nikaona wanaurudisha mchezo mahali ulipoachwa. Walicheza dakika kumi na moja. Mkulima alishinda. Alimshika mzee mkono kwa mikono yake yote miwili, akapanda pikipiki akaenda.

Wiki hiyo hiyo Bwana Afya alihamia kwa binti yake. Alipita getini na mfuko mmoja na godoro, na mimi nilikuwa nikiandika kwenye daftari. Niliandika muda. Sikunyanyuka.

Ilinichukua miaka miwili kwenda Songambele.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda kando ya mkeka wa kahawa inayokauka, na fito mkononi ya kufukuzia kuku. Alikuwa amepungua, na sikio moja alilielekeza kwa mgeni.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Nani? Ah, mlinzi! Geti umemwachia nani?"

"Niliacha kazi. Nina duka la madaftari sasa."

"Vizuri. Utaandika mwenyewe na utanunua mwenyewe."

Binti yake aliniletea uji na kiti. Tuliongea juu ya mvua, bei ya kahawa, na choo cha jirani ambacho alikuwa amekwisha kukitolea onyo. Sikuona ubao popote.

"Huchezi huku?"

"Huku hakuna anayengoja mtu," alisema, akamfukuza kuku.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu nilipotoka nyumbani, na yote yakanitoka vibaya. "Bwana Afya, siku ile sikuwa getini. Nilikuwa nyuma yenu. Nilisikia mara zote mbili, na mbele ya wale wazee nikajificha."

"Najua. Kivuli chako kilikuwa juu ya ubao."

"Mbona hukusema?"

"Tungeanza kuhesabu nani alisikia, tungefika kwake."

Nilimtazama. Alikuwa akigeuza punje za kahawa kwa ncha ya fito, moja moja.

"Sista alipoita mara ya kwanza," alisema, "mkono wa yule bwana ulisimama hewani. Halafu akaiweka kete mahali ambapo hata mtoto asingeiweka. Mtu aliye ndani hakosei namna ile. Alikuwa ametoka tayari. Kiganja changu kinamtoa mtu aliye ndani, mwanangu. Aliyejificha simwezi. Nikasema nimpe hatua moja, atasimama mwenyewe. Halafu nyingine. Na mimi hapo nilikosa, usiniondolee kosa langu."

"Alikwambia mwenyewe?"

"Siku ile aliporudi. Alisema, 'Mzee, nilimsikia. Nilijua mama ananiitia neno la mwisho. Nikaona nikibaki nimekaa, bado hajalisema.'"

Kuku alirudi na hakufukuzwa.

"Ana shamba lake?" niliuliza.

"Analo. Ameoza binti mwaka huu. Baba zake wadogo walikaa mbele." Akanielekezea kidole. "Na hilo uliloambiwa hapa usiliandike kwenye daftari lenye jina lake."

Hapa nimeliandika bila jina lake, wala la mtu yeyote. Jua lilipoanza kushuka bodaboda wangu alipiga honi nje, nikamuuliza faini ile ilimgharimu kiasi gani, nikiwa nimekwisha kutia mkono mfukoni. Alikumbuka kama alivyokuwa akikumbuka kete: mbuzi elfu tisini, rubisi elfu arobaini na tano, blanketi elfu thelathini na mbili. Nilimwomba apokee nusu. Alisema niurudishe mkono wangu, kwamba yeye alishalipa na mambo yaliyolipwa hayagawanywi. Nilijumlisha njiani, juu ya pikipiki, gizani: shilingi laki moja na elfu sitini na saba, zote zake.